SINCLAIR: MZUNGU ALIYEIVALISHA SERIKALI KANZU

Bishoo utamjua kwa pamba zake. Kabla hajafungua mdomo umeshaona kiatu, umeshaona mkanda, umeshajua kama jamaa ana mshiko au kaazima shati la kaka yake. Serikali nayo ni hivyo hivyo, msomaji wangu. Nguo zake ni majengo: boma, mahakama, posta, Ikulu. Mwananchi akifika mlangoni, kabla karani hajamwambia "njoo kesho", jengo lenyewe limeshamwambia yeye ni nani na wao ni akina nani.

Wiki hii tunamzungumzia fundi cherehani mmoja wa nguo hizo. Jina lake John Houston Sinclair, Mwingereza. Ukilitaja jina hilo kijiweni watakuuliza anachezea timu gani. Lakini kazi yake umeiona. Kila ulipotazama taarifa ya habari na kumwona Rais akipokea mabalozi pale Ikulu ya Dar es Salaam, yale matao meupe nyuma yake na ile veranda ndefu yenye kivuli, ujue ulikuwa unatazama mkono wa Sinclair.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuguna: "Mwandishi wa Mamboya, huku kwenye milima ya Ukaguru wilayani Kilosa, anamtafuta nini Mzungu wa pwani?" Tulia bwana. Njia ipo, na inaanzia hapa hapa kwetu.

MAMBOYA MPAKA MOMBASA

Karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya lami, Mamboya haikuwa kichochoro. Ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka Saadani na Bagamoyo kwenda Mpwapwa na kuendelea mpaka kwenye maziwa makuu. Karibu mwaka 1880 wamisionari wa Kiingereza wa CMS waliweka kituo hapa. Mmoja wao, J. T. Last, alikaa na Wakaguru mpaka akaandika kitabu cha sarufi ya lugha yao, kikatolewa mwaka 1886. Baadaye Last alihamia Zanzibar, na amri ya kufuta utumwa ilipotoka mwaka 1897, akawa mmoja wa maofisa waliosimamia kesi za watu waliodai uhuru wao. Unaona? Mtu aliyekula ugali wa Mamboya aliishia kwenye ofisi za Unguja.

Mwaka 1882 akapita mgeni mwingine hapa Mamboya, padri James Hannington, akielekea Uganda. Safari hiyo ugonjwa ulimrudisha. Akapewa uaskofu mwaka 1884, akajaribu tena kwa njia ya Kenya, na Oktoba 1885 akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Aliyemrithi, Askofu Henry Parker, naye alifariki mwaka 1888 kusini mwa Ziwa Victoria.

Wenzao wakataka kanisa la kumbukumbu. Likajengwa Mombasa kati ya 1903 na 1905. Na michoro akapewa nani? Sinclair.

Hapo ndipo jamaa alipoanza vituko vyake. Ulaya, kanisa kuu la Kiingereza lilikuwa linajulikana: mnara mrefu uliochongoka, madirisha marefu, mawe ya kijivu kama siku ya mvua. Sinclair akachora kanisa lenye kuba na matao ya Kiarabu! Mpaka leo mgeni anayepita haraka haraka Mombasa anaweza kuvua viatu akidhani amefika msikitini. Wamisionari wa CMS, watu wa Biblia mkononi, wakaswali chini ya kuba.

Je, alikuwa anacheza? Hapana. Alikuwa na hesabu zake, na hesabu hizo amezijifunza Zanzibar.

BAADA YA MIZINGA

Sinclair alifika Zanzibar miaka ya mwisho ya karne ya 19. Hakuja kama msanii wa kuuza michoro. Alikuja kama ofisa wa serikali, na huku akishika faili kwa mkono mmoja, mkono wa pili ulishika penseli. Hilo ndilo linalomfanya awe tofauti na wachoraji wengi wa majengo tunaowasikia. Mwingine huchora kwa amri ya mtawala. Huyu alikuwa mchoraji na mtawala ndani ya koti moja.

Mji alioukuta ulikuwa na jeraha. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Sultani kwa mizinga, katika vita ambavyo havikufika hata dakika 45. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa ameshika kiti bila idhini ya Waingereza, akakimbia. Akawekwa Sayyid Hamoud bin Mohammed, mtu waliyemtaka.

Sasa fikiria wewe ndiye Mwingereza. Umeshinda kwa mizinga, lakini kwenye karatasi nchi bado ni ya Sultani. Bendera yake inapepea, hutuba inasomwa kwa jina lake. Wewe ni "mlinzi" tu, ingawa kila mtoto wa Malindi anajua nani anashika ufunguo wa hazina. Je, utajenga mahakama yenye sura ya London katikati ya mji huo? Ukifanya hivyo umemvua Sultani nguo hadharani. Watu watakasirika, na gharama ya kuwatuliza ni kubwa kuliko gharama ya chokaa.

Jawabu la Sinclair lilikuwa rahisi na la kijanja: serikali ya Kiingereza ivae kanzu.

KANZU MOJA BAADA YA NYINGINE

Ukitaka kuziona kazi zake, tembea Unguja kwa miguu. Hazihitaji teksi.

Anzia Vuga. Hapo kuna nyumba aliyoichora kwa ajili ya mkubwa wa Kiingereza, ya mwaka 1903, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilitumika kama Ikulu ya Zanzibar. Nyeupe, matao, veranda za kupitisha upepo. Jirani yake ipo Mahakama Kuu, iliyokamilika mwaka 1908. Kuba iko juu, matao yako chini, na mtu aliyeitwa kujibu mashtaka alipita kwenye mlango unaofanana na milango aliyoizoea tangu utotoni. Halafu nenda Shangani, kwenye jengo la posta la mwaka 1906. Barua zako za mapenzi na bili za duka zote zilipita chini ya penseli ya bwana huyu. Rudi upande wa Darajani uone Jengo la Bharmal, ambalo baadaye lilikuwa ofisi za manispaa.

Wataalamu huuita mtindo huo Kisarasini, yaani wa majengo ya Waislamu uliopitia mkononi mwa Mzungu. Sinclair hakuuzua peke yake. Waingereza waliokuwa India walishaufanya kwa nguvu zaidi. Lile lango kubwa la baharini kule Bombay, lililochorwa na George Wittet na kukamilika mwaka 1924, ni binamu wa majengo haya. Mchezo ni ule ule: tawala watu, lakini azima kilemba chao.

Linganisha na Mwingereza mwenzake, Sir Herbert Baker. Huyo alijenga jumba la serikali la Pretoria, Afrika Kusini, lililokamilika mwaka 1913, akashiriki ujenzi wa New Delhi, na miaka ya 1920 akachora majengo ya serikali Nairobi. Baker alipenda nguzo nene za mawe kama za Warumi. Kwa nini? Kwa sababu Kenya na Afrika Kusini kulikuwa na walowezi, na jengo lilitakiwa liwaambie, "Msihofu, hapa ni kwenu." Zanzibar hakukuwa na walowezi wa kubembelezwa. Kulikuwa na Sultani wa kubembelezwa. Mteja tofauti, nguo tofauti.

WALIOPANDA JUKWAA

Sasa tuongee ukweli ambao vitabu huupitia mbio. Sinclair alichora. Hakubeba jiwe.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa, na boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Boriti ya mkoko haiwi ndefu unavyotaka, na ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni virefu lakini vyembamba. Fundi alijenga chumba kwa kipimo alichopewa na mti. Ukitaka ukumbi mpana wa mahakama au kuba kubwa, lazima uchanganye elimu ya zamani na chuma na saruji kutoka ng'ambo. Hapo walihitajika waashi wanaojua chokaa inakauka vipi kwenye unyevu wa bahari, na maseremala wanaojua kuchonga mlango. Waswahili, Wahindi, watu wa mitaani kabisa.

Vitabu vinamtaja mchoraji. Mwashi hatajwi. Lakini kuba haijishiki angani kwa sababu imechorwa vizuri. Inashikwa kwa sababu kuna mtu alipanga jiwe la mwisho sawasawa, akashuka kwenye jukwaa, akaenda kununua samaki.

Na siri ya majengo hayo bado iko mikononi mwa watu wa aina hiyo. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba kwa saruji ngumu kwa haraka ya kumaliza kazi, unyevu hukwama ndani, chumvi hula mawe, na plasta inaanza kumwagika kama magamba ya samaki. Kwa hiyo mtu anaweza kuliua jengo huku akidhani analitengeneza.

KILELENI

Mwaka 1922 Sinclair alifika juu kabisa. Alikuwa Residenti, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar, wakati wa Sayyid Khalifa bin Harub. Mchoraji aliyeanza na faili sasa ndiye aliyekuwa anatia saini.

Na mwaka huo huo wa 1922 ndipo Ikulu ya Dar es Salaam iliposimama upya. Hadithi yake inachekesha kwa uchungu. Wajerumani walikuwa na jumba la gavana pale ufukweni. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zikalipiga mizinga. Waingereza waliposhinda na kuichukua Tanganyika, wakahitaji nyumba ya gavana wao. Wakarudi kwenye magofu yale yale waliyoyafanya wenyewe, na Sinclair akachora jumba jipya juu ya misingi ya Wajerumani. Mkono mmoja ulichana nguo, mkono wa pili ukashona. Na nguo iliyotoka ilikuwa ile ile ya Unguja: matao, weupe, veranda, upepo wa bahari.

Kazi yake inayopigwa picha zaidi ni ya mwaka 1925, Beit al-Amani, Nyumba ya Amani, pale Mnazi Mmoja Zanzibar. Ni makumbusho yenye pembe sita, kuba kubwa katikati, ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Daktari Spurrier ndiye aliyekuwa mlezi wake wa kwanza, na miongoni mwa vitu vilivyowekwa humo ni sanduku la dawa la Livingstone.

Sisi wa Kilosa neno "amani" la vita hivyo linatugusa. Mapigano yalifika kwetu Agosti 1916, Waingereza walipowasukuma Wajerumani kutoka Kilosa. Waliobeba mizigo ya vita hivyo ni Waafrika, maelfu kwa maelfu, wengi wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa haina kuba. Ni jina tu: Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi. Mtu anapogombania bei ya jinzi pale Kariakoo, amesimama juu ya makumbusho yao bila kujua.

NDANI YA KANZU KUNA NANI?

Kuna watu wanamsifu Sinclair kuwa alikuwa Mzungu aliyeheshimu utamaduni wetu. Kuna wengine wanasema alikuwa mjanja tu, mbwa mwitu aliyejifunga shuka. Mimi naona wote wameshika nusu.

Macho alikuwa nayo. Hakuna mtu anayechora tao la namna ile bila kulipenda. Alijua jua la pwani, alijua kivuli, alijua upepo. Ukitoka leo kwenye ofisi ya vioo vitupu, ambapo umeme ukikatika mnaanza kujipepea na mafaili, ukaingia chini ya veranda yake, utamshukuru bila kupenda.

Lakini kuvaa kanzu si kuwa shehe. Nyumba ya Mswahili ina baraza nje. Baraza ndiyo adabu yake. Mpita njia anakaa, anapewa maji, habari zinapigwa, shauri linazungumzwa kabla mtu hajavuka kizingiti. Serikali ya Sinclair iliazima tao, ikaazima kuba, lakini haikuazima baraza. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa lolote. Alihukumiwa, alitozwa kodi, alihesabiwa, yote chini ya dari nzuri. Urembo uliazimwa, madaraka hayakuazimishwa.

NA SISI JE?

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu vijana wa leo, maana wenye nguo sasa ni sisi.

Mwaka 1961 bendera ya Mwingereza iliteremshwa Tanganyika, lakini jumba la Sinclair likabaki, likawa Ikulu yetu. Hilo tulirithi. Halafu serikali ikahamia Dodoma, na tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Ikulu mpya ya Chamwino. Safari hii hakukuwa na gavana wa kutulazimisha, uwanja ulikuwa wetu, ramani ilikuwa yetu. Tukajenga nini? Jumba linalofanana na lile la Dar es Salaam! Matao yamepanda mpaka Ugogoni, nchi ya tembe, kilomita mia kadhaa kutoka kwenye mnazi wa karibu.

Kuna watakaocheka kwamba tumeshonesha upya nguo ya mkoloni. Mimi sicheki haraka. Tao halikuwa la Sinclair. Aliliazima pwani kwetu, kwa watu waliolijenga karne nyingi kabla babu yake hajazaliwa. Kama kitu chako kimeazimwa na mjanja, ukakichukua tena, huo si wizi wala si kuiga. Suala ni moja tu: tumelichukua tao pamoja na baraza, au tumechukua tao peke yake?

Swali hilo halihusu Ikulu tu. Mwalimu Nyerere alishaonya mwaka 1995 kwamba Ikulu ni mahali patakatifu. Mimi nasema utakatifu uanzie chini. Tazama stesheni ya treni ya SGR ya Dar es Salaam, iliyobuniwa kwa umbo la tanzanite. Pamba kali, hongera. Treni hiyo inapita Kilosa kwetu, na tangu mwaka 2024 abiria wanaitumia. Lakini mwananchi wa kijijini, jengo la umma analolifahamu zaidi ni ofisi ya kata, zahanati na shule. Je, hapo pana kivuli cha kumsubirishia mama mjamzito? Pana benchi? Mzee mwenye fimbo anapanda ngazi ngapi kufuata muhuri? Huo ndio ukaguzi wa nguo za serikali, na hauhitaji digrii ya usanifu. Unahitaji kwenda ukakae pale saa mbili.

Na yale ya zamani tuyatazame kabla hayajatuangukia. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985. Pamoja na hayo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 lililonusurika hata mizinga ya 1896, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu. Jengo lililoshinda manowari likashindwa na uchakavu. Majengo ya Sinclair nayo mengi yana zaidi ya miaka 100 sasa. Chokaa ile ile, chumvi ile ile.

Kijana unayesoma hapa, labda umemaliza shule na unazunguka mjini na bahasha ya vyeti. Fikiria ufundi wa chokaa. Fikiria uchoraji wa ramani. Beda Amuli, Mtanzania, alisomea usanifu nje na kurudi kutujengea Soko la Kariakoo, lililofunguliwa miaka ya 1970 na paa lake lile kama miavuli iliyopinduliwa. Soko hilo liliungua Julai 2021 na kukarabatiwa, lakini jina la Amuli halikuungua. Huyo hakumvalisha mtu kanzu ya kuazima. Alijenga mahali pa mama muuza nyanya kupata kivuli na hewa, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo baraza liliporudi.

Kwa hiyo ukipita mbele ya jengo la serikali wiki hii, usitazame rangi tu. Tafuta pa kukaa. Ukipapata, hiyo ni nguo yako. Usipopapata, gonga mlango uulize.